Kable ya USB ya bei kali na mukuba yetu

Kwa bote benye kucheza muziki ya ordinatere ao ya telefone ku ampli ya nyumba, kuko neno moja yenye inatembea: badilisha kable ya USB, na muziki itabadilika. Toa ile nyeusi yenye ilikuja na mashini, weka ile nene, ya kusukwa kama kamba, fishi zake rangi ya zahabu, na utasikia gitare yenye hukusikiaka mbele. Banaomba dola 50, dola 100. Mu Ulaya na Marekani kuko zenye zinapita dola 1,000, kwa metre moja tu.

Jibu yangu iko fupi: hapana. Kable ya USB yenye kufanya kazi yake muzuri inafanya kazi sawasawa na ile ya bei kali, na sauti yenye inatoka mu bafle ni ile ile. Kuko fasi kidogo kable inaweza kuleta matata, na nitazisema juu ni za kweli. Lakini baba mwenye anashuka mu shimo, ao mama mwenye anapanga franga ya mwezi ku meza, anapashwa kujua mbele ni kitu gani ananunua.

Na kwetu kuko sababu ingine. Mwenye kuuzisha haseme tu "sauti safi". Anasema "mukuba safi, 99.99 kwa mia". Anasema vile ku batu ya Kambove!

Tuanze na kitu chenye kinapita mu ile kable.

Zamani, mu wakati ya kasete na ya sahani, umeme yenyewe ilikuwa inapanda na kushuka sawa vile sauti inapanda na kushuka. Kasete ikichakaa, sauti inachakaa. Kichwa ya mashini ikijaa vumbi, sauti ya juu inafifia, inabaki kama mutu mwenye anaimba chini ya bulangeti. Mu 1952, wakati Hugh Tracey alirekodi gitare ya Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, njo Likasi ya leo, kila kitu mu njia iliacha alama yake ku sauti: mikro, mukanda, mashini. Wazee yetu balikomea mu akili ile, na haikuwa akili mubaya. Kwa mashini za wakati ule ilikuwa kweli kabisa: nyuzi muzuri zaidi, sauti muzuri zaidi, kidogo kidogo.

Kable ya USB haipitishe sauti. Inapitisha hesabu. Muziki ya CD iko hivi: kila segonde, urefu ya wimbi ya sauti inapimwa mara 44,100, upande ya kushoto na upande ya kuume, na kila kipimo inaandikwa na alama 16 za 0 na 1. Zidisha zote, unapata alama 1,411,200 kwa segonde. Ni ile tu. Kable haijue kama ni gitare ya Mwenda, ao kwaya ya paroasi, ao karindula ya vijana. Inajue 0 na 1.

Fikiria pointere mwenye anasimama ku mulango ya mine na kuhesabu makamio yenye inatoka. Leo ni 212. Akiandika 212 na biki ya soko ao na stilo ya zahabu, ofisi itasoma 212. Hakuna mutu ku ofisi mwenye atasema ile ya stilo ya zahabu iko na bass ya kushuka zaidi.

Na barabara yenyewe iko mupana sana. USB 2.0, yenye ilitoka mu mwaka 2000, inaweza kupitisha alama milioni 480 kwa segonde. Ile ni mara 340 ya yenye CD inaomba. Ata muziki yenye banaita ya kipimo ya juu, ile ya kupimwa mara 96,000 kwa segonde na alama 24, inaomba milioni 4.6 tu. Ni kinga moja kupita peke yake mu barabara yenye ilijengwa juu ya makamio ya minerai. Sasa mutu anakuambia ile kinga itaenda muzuri zaidi kama barabara inapanuliwa tena.

Na alama ikipotea mu njia? Ulizo ya kweli. Kila fungu ya hesabu inatembea na namba ya kuchunguza nyuma yake. Mashini yenye inapokea inapiga hesabu upya, na kama haifanane, inajua fungu imeharibika. Ukikopia nyimbo ku flashi, fungu ile inatumwa tena mupaka inafika muzima. Juu ya ile, nyimbo yenye ulikopia na kable ya dola 1 na yenye ulikopia na kable ya dola 100 ni mapacha, alama kwa alama. Muziki yenye inacheza moja kwa moja haina bahati ile, juu hakuna wakati ya kuomba fungu tena. Fungu yenye kuharibika inatupwa, basi.

Lakini angalia ginsi kosa ile inasikilika. Inapiga "tak". Inatoboa shimo mu sauti, ao muziki inakatika na kurudia. Ni kosa yenye mutoto ya miaka tano atakuonyesha. Haiwezi kufanya sauti ya mwimbaji ikuwe tamu kidogo, ao ngoma ikuwe nzito kidogo. Ili bass ishuke, inaomba maelfu ya hesabu ibadilike kila segonde, zote kwa mupango moja, kama vile kuko mutu ndani ya kable mwenye kujua muziki na kuchagua ya kugusa. Kosa haina akili ile. Kwa hiyo kable ya USB iko mu hali mbili: inapitisha, ao inakatakata. Katikati hakuna "inapitisha na utamu".

Mwenye kujua kidogo atajibu: sawa, hesabu ni ile ile, lakini wakati je? Ule njo ubishi wa maana, na sitaki kuuruka. Hesabu za muziki zinapashwa kusomwa kwa mwendo yenye haibadilike, kila moja ku dakika yake, tuseme ku sehemu yake ya segonde. Mwendo ikitetemeka, sauti inaharibika kweli. Mu mashini za kwanza za kugeuza hesabu kuwa sauti, ile banaita konvertisere ao DAC, mwendo ilikuwa inategemea ordinatere, na malalamiko ilikuwa na musingi. Leo konvertisere mingi, na za bei ya chini mu yao, inafanya kinyume. Iko na saa yake yenyewe ya jiwe ya kwarsi ndani. Inaweka hesabu mu akiba kidogo, na ni yeye mwenye anaambia ordinatere: ongeza, punguza.

Batu ya konsantratere batanisikia mbio zaidi kuliko bengine. Makamio inafika ku tremi kwa vurugu, mbili pamoja, kisha hakuna kitu wakati murefu. Lakini mashini ya kusaga mawe kule ndani inakula kwa mwendo moja, juu kuko akiba katikati. Mwenye kuchunga mashini ya kusaga haulize kama kamio ilipita ku goudron ao ku vumbi. Anaangalia tremi: iko na mawe ao haiko. Kable ya USB njo barabara mbele ya tremi.

Sasa tuje ku mukuba, juu hapa njo fasi inaniudhi.

Katika inchi hii, misalaba ya mukuba ilikuwa franga mbele ya franga. Mukuba ya kwanza ya izine ya Lubumbashi ilimwangwa mu 1911. Kisha Union Minière, kisha Gécamines tangu 1967, kisha kampani zote zenye tunajua leo, na mukuba ingali inatoka. Katode ya daraja ya A, ile soko ya metali ya London inakubali, inapashwa kupita 99.99 kwa mia ya mukuba. Kwa hiyo ile 99.99 yenye banaandika na herufi za zahabu ku karto si ajabu. Ni mukuba ya kawaida ya biashara, ile inapakiwa ku makamio na kupita Kasumbalesa. Inaenda, inavutwa nyuzi, inavalishwa nguo ya nilo, inarudi kwetu na bei ya dawa ya kienyeji. Mwenye kupakia katode zile asubui anaambiwa magaribi kama hajawahi kuona mukuba safi.

Ao batasema "mukuba bila oksijeni". Ile iko, si uongo. Mukuba ya nyuzi ya kawaida iko na oksijeni kidogo ndani, sehemu mia kadhaa mu milioni. Ukiitoa, mukuba inapitisha umeme kiloko zaidi: kama ya kawaida ni 100, hii ni 101. Moja kwa mia, kwa kable ya metre moja, yenye inabeba 0 na 1. Mu mashini zingine za kazi ngumu ile mukuba inaombwa kwa sababu ya kweli. Mu kable ya USB ya nyumba haina kazi.

Kinyume, kuko udanganyifu ya kweli yenye inafaa kujua. Kable mingi za soko, na za karto muzuri mu zile, ndani si mukuba. Ni aliminiamu yenye kupakwa ngozi ya mukuba. Kata kipande, kwaruza uzi na wembe: kama chini inatokea nyeupe, si mukuba. Pima ku mukono: mukuba iko na uzito mara tatu na zaidi ya aliminiamu. Kwa metre moja ya USB, ata ile ya aliminiamu itapitisha hesabu zake bila shida. Lakini ukiiweka ku bafle, ao mubaya zaidi, ku prizi za nyumba, habari inabadilika.

Juu ku kable ya bafle hesabu iliisha kugeuzwa. Kule inapita umeme yenyewe ya muziki, na ya nguvu. Tuseme bafle iko metre 10 mbali na ampli. Kwenda na kurudi ni metre 20 ya uzi. Na uzi ya mukuba ya milimetre karé 1.5, kizuizi iko karibu om 0.23. Na ile nyembamba ya bule, ya milimetre karé 0.25, inafika karibu om 1.4. Bafle yenyewe ikiwa ya om 4, ile kable nyembamba inakula robo ya nguvu mbele haijafika. Na kama ni ya aliminiamu, inakula zaidi. Hapa njo mukuba nene inasikilika, na haiombe karto ya zahabu. Metre 20 ya uzi ya umeme ya kawaida, ya mukuba ya kweli, inatosha. Ku prizi za nyumba sitaeleza mingi: uzi ya aliminiamu ya uongo inapata moto, inalegea ku fishi, na batu banalala ndani.

Ni wakati gani kable ya USB inaomba kubadilishwa? Mara ya kwanza ni wakati haina nyuzi za kupitisha hesabu. Kable mingi za kuchaji telefone ziko na nyuzi mbili tu, za umeme, na ordinatere haitaona kitu. Mutu anasema "konvertisere imekufa", kumbe ni kable ya kuchaji. Mara ya pili ni urefu: USB 2.0 inakubali metre 5, kupita pale inaanza kukatakata, na mu nyumba yenye ordinatere iko chumba ingine batu banaunganisha mbili ao tatu. Mara ya tatu ni fishi yenye imelegea ao kujaa vumbi, na vumbi kwetu hatuiombake, inakuja yenyewe. Mu hali zote tatu dawa ni kable ya kawaida, fupi, yenye fishi inakaza. Bei ya sukari kilo mbili, tatu.

Kuko na tatizo ya ine, na juu yake wauzishaji banapata batu mingi. Ni kelele: "mmmm" yenye haiishe, ao ile "zzz-trr" yenye inafuata panya ya ordinatere wakati unaisogeza. Ile inatoka mu ordinatere na mu chaja yake. Inapita mu nyuzi ya umeme na mu nyuzi ya ardhi yenye iko ndani ya kable, volti 5 zake, na kuingia ku ampli. Ni ya kweli, masikio haikudanganye. Lakini kable nene ya zahabu iko na nyuzi zile zile, na kelele itapita mule vile vile, pengine na raha zaidi juu njia iko nene. Jaribu mbele vitu vya bule. Toa chaja, acha ordinatere itumike na batri: kelele ikiisha, umepata mwizi. Weka ampli na ordinatere ku prizi moja. Angalia kama nyumba iko na nyuzi ya ardhi ya kweli, ao ile prizi ya mashimo matatu iko na moja yenye haifike fasi. Kama vile vyote vimeshindwa, kuko kisanduku kidogo cha kutenganisha umeme ya pande mbili ya USB. Kile kinafanya kazi yenye kinasema.

Na sasa, ndugu yangu mwenye alinunua kable ile na kusema "lakini mi nilisikia tofauti"? Simuite muongo. Alisikia. Mutu akiisha kutoa franga, anakaa chini, anafunga mulango, anaongeza sauti kidogo, anasikiliza kila uzi ya gitare kwa makini yenye hajaweka tangu mwaka. Kweli anasikia vitu vipya, na vilikuwa mule tangu zamani. Yenye ilibadilika ni usikilizaji. Ni vile ata daktari banajua: kidonge cha unga tupu kinapunguza maumivu ya mugonjwa mwenye kuamini.

Kuko njia ya kutoka mu ubishi huu, na haiombe fundi. Tia pazia mbele ya ordinatere. Mutoto mukubwa akae nyuma ya pazia na kable mbili, ya bei kali na ya bule. Kila mara arushe kichele, ili asichague na kichwa yake: upande moja ni kable hii, upande ingine ni ile. Aandike ku karatasi. Baba asikilize nyimbo ile ile, sauti ku namba ile ile, na aseme ni kable gani. Mara 10. Mwenye kubahatisha tu atapata 5, wakati ingine 6 ao 7, na haiseme kitu. Kupata 9 ao 10 kwa bahati tupu inatokea karibu mara moja mu mia. Baba akipata 9, na akirudilia kesho yake na kupata 9 tena, nitanyamaza. Na mutoto asicheke nyuma ya pazia, juu kicheko njo kinaonyesha jibu.

Bengine batasema: franga ni ya mwenyewe, anaweza kununua kable kama vile anaweza kununua kofia. Sawa. Kofia ya dola 100 haiseme itaponya kichwa. Kama unapenda ile kable juu ya uzuri yake, ku meza, mbele ya wageni, nunua, na mi nitaisifu. Lakini kuikopa, ao kuitoa mu franga ya masomo juu mutu aliahidi sauti, ile hapana.

Juu vitu vyenye vinabadilisha sauti viko, na mingi viko karibu ya bule. Cha kwanza ni nyimbo yenyewe. Mingi yenye tuko nayo ku flashi ni ya alama 128,000 kwa segonde, mara 11 chini ya CD, na imegeuzwa mara mbili, mara tatu mbele ya kufika kwetu: ya video ikakuwa ya sauti, ya sauti ikafinywa tena ili telefone ibebe mingi. Kukopia tu haiharibu kitu, nilisema. Kugeuza na kufinya njo kunaharibu, na yenye kupotea hairudi, ata na kable ya zahabu. Mwenye kujaza flashi ku kibanda, mwambie unataka ile nzito, isipoingia nyimbo mia tano, iingie mia.

Kisha nyumba. Nyumba zetu ni kuta ya simenti ao matofali, na mabati juu. Sauti inaruka kama mupira. Toa bafle mu kona, iweke mbali na ukuta kiasi ya mukono moja, bass itaacha kuvimba. Pazia nzito, mukeka, matelas yenye kusimamishwa ku ukuta ya nyuma siku ya kusikiliza: jaribu, na utaniambia. Hakuna kable mu dunia yenye inafanya nusu ya vile.

Kisha kura. Mwadingusha inazaa umeme ku Lufira tangu 1930, na bado tunakaa na kura yenye inashuka, inapanda, inaenda, inarudi na pigo. Pigo ile njo inaua ampli na konvertisere. Kama dola 60 iko mu mukono na muko mu nyumba bila stabilizatere, hakuna ubishi.

Na kitu cha mwisho, chenye hakuna mutu anauzisha mu duka ya muziki: masikio. Mu kazi, kelele ya 85 desibeli mutu anaweza kukaa nayo saa 8. Kila desibeli 3 zenye zinaongezeka, wakati inakatwa nusu: 88 ni saa 4, na ku 100 inabaki dakika 15 tu. Perforatere inapita 100. Mashini ya kuvunja mawe nayo haiko mbali. Na masikio hayafe yote mara moja. Inaanza kufa ku sauti za juu, kwenye 4,000 hivi, ile ya "s" na "f", ya sahani ya ngoma, ya kidole kwenye kuteleza ku uzi ya gitare. Ni ile ile sauti wauzishaji banaahidi kurudisha na kable. Mutu mwenye alitoboa mawe miaka kumi na tano bila bushoni anaweza kununua mashini yote ya Lubumbashi, ile "s" hairudi. Mama mwenye anasema kila magaribi "punguza ile redio, baba", asionekane kama musumbufu. Pengine njo wa kwanza kuona ugonjwa. Bushoni za mpira wa laini ni senti. Kampani inapashwa kuzitoa, na delege ya kazi anapashwa kuziomba kwa sauti kubwa. Na kupimisha masikio kwa daktari ya kampani, mwaka kwa mwaka, na kubaki na karatasi yake ku nyumba, ile inafaa kuandikwa mu kalenda kama siku ya mushahara.

Kwa vijana benye kuleta kable zile, hatuna vita. Balete ile nene kabisa, ya bei ya juu, siku ya posho kisha saa kumi. Pazia iko, kichele iko, na mutoto wa kuandika ku karatasi iko. Chai itakuwa ya bule, na mwenye atafikisha 9 tutamwandika hapa, na jina yake.